Mkuu wangu anataka kunipandisha cheo, hajui kuwa sisikii vizuri

SWALI

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ng'ambo, Unguja, na nafanya kazi katika kampuni binafsi inayosafirisha mizigo baina ya Unguja na Pemba. Niliingia kama karani wa kupokea mizigo, na sasa nashughulikia hesabu za wateja wa jumla. Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo kazini halijui mtu hata mmoja, na limefika pahala siwezi tena kuliamua peke yangu.

Masikio yangu yanapungua nguvu. Mama yangu naye yalianza kumpungua akiwa bado kijana, na mimi niliona mabadiliko baada ya kujifungua mtoto wa pili. Daktari aliyenipima alinieleza kuwa tatizo liko ndani kabisa ya sikio, kwenye mishipa ya fahamu, kwamba halina operesheni, na kwamba huenda likaendelea polepole. Nikapata vifaa vya usikivu, kimoja kwa kila sikio, ambavyo shemeji yangu aliye nje alitusaidia kununua. Navivaa chini ya mtandio. Imenibidi nijifunze kuufunga upya, maana kitambaa kikikibana kifaa, hupiga mluzi mwembamba ambao mimi siusikii lakini aliyekaa karibu yangu anausikia. Siku moja mwenzangu aliuliza kama kuna simu inalia ndani ya mkoba wangu, nami nikajifanya natafuta.

Kazini taabu yangu ni simu, panka, na watu wanaozungumza huku wameinamia makaratasi. Sauti ya mtu naisikia. Maneno ndiyo yanayonipotea. Kwenye simu siwezi kutofautisha sitini na tisini, na kazi yangu yote ni idadi. Kwa hivyo nilianza kumwambia kila mteja aniletee oda yake kwa maandishi ya WhatsApp, "ili iwe kumbukumbu". Mkuu wangu aliupenda utaratibu huo mpaka akaufanya wa ofisi nzima, kwa sababu ugomvi wa mizigo inayodaiwa kupungua ulipungua sana. Hajui kwa nini niliuanzisha. Kwenye vikao nawahi kuingia ili nikae mgongo ukutani, niwaone wote midomo yao. Pamoja na hayo, najua wenzangu wananisema. Mmoja aliniambia waziwazi kuwa siku hizi nimekuwa na maringo, mtu anapita ananisalimia nami siitikii.

Sasa mkuu wangu ameniita na kunieleza kuwa msimamizi wetu wa huduma kwa wateja anaondoka, na nafasi hiyo anataka kunipa mimi. Mshahara ni mzuri na nyumba yetu bado haijaezekwa. Lakini kazi yenyewe ni simu kutwa, na kuzungumza na wateja kwenye kaunta yenye kioo, na vikao na watu wa bandarini. Pia nitajaza fomu mpya, ambayo ina suali la kama nina maradhi au ulemavu wowote. Nilipoajiriwa nilijibu "hapana", na wakati ule ilikuwa kweli.

Ningeweza kumwendea na kumweleza, lau si jambo lililotokea karibuni. Alikuja kijana kiziwi, amemaliza chuo, ameongozana na dada yake anayemfasiria kwa lugha ya alama. Aliomba kazi ya kuweka kumbukumbu za ghala. Mkuu alimpokea kwa adabu na kumwambia ataitwa. Walipotoka akasema, "Nikimchukua huyu, lori likirudi nyuma nani atampigia kelele?" Kisha, wakati wa chai, akaongeza kuwa kampuni yake si pahala pa kutolea sadaka. Mwenzetu mmoja akasema, "Maskini, bora akae nyumbani atunzwe." Wote walikubali. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, vifaa vyangu masikioni.

Nataka nikuambie pia kuwa mkuu wangu si mtu mbaya. Mchukuzi wetu mmoja alipovunjika mguu, alimlipa mshahara muda wote, na aliporudi akampa kiti mlangoni ahesabu mizigo inayoingia mpaka alipopona.

Mume wangu anasema ninyamaze, nichukue cheo, mbele tutaona. Mama yangu anasema aibu ya mtu ni siri yake. Mimi nafikiria kukataa cheo kwa kisingizio cha watoto. Na yule kijana hanitoki akilini. Nifanye nini, Bi Mshauri?

Wako, Msomaji wa Ng'ambo


JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale uliposema kuwa ulikuwa umekaa pale pale, vifaa vyako masikioni, huku watu unaokula nao kila siku wakimzungumza mtu mwenye hali inayokaribiana na yako kama mzigo uliokosa mwenyewe. Naelewa kwa nini tangu siku ile mlango uliokuwa wazi kidogo umejifunga. Nataka tukae juu ya jambo hili kwa utulivu, kwa sababu ndani ya suali lako mna masuali matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja lina uzito wake: useme au usiseme, upokee cheo au usipokee, na una deni gani kwa yule kijana.

Kabla ya hayo, niruhusu niulize juu ya neno moja la mama yako, kwa heshima yote anayostahiki. Yeye amelelewa katika zama ambazo nyumba yenye mtoto asiyeona au asiyesikia ilimficha chumba cha ndani wageni wakija, na alipoanza kupungukiwa yeye mwenyewe huenda hakupata mtu wa kumpima wala wa kumweleza. Kwake sitara ilikuwa ndiyo kinga pekee. Lakini wewe umepimwa, umeelezwa, na unavaa vifaa. Je, unakubaliana naye kuwa hali hii ni aibu? Nauliza kwa sababu mtu anaweza kuamua kuyaweka mambo ya mwili wake kwake, na hiyo ni haki yake kamili, bila ya kuamini kuwa anaficha fedheha. Matokeo kwa nje yanaweza kufanana, lakini anayeficha fedheha huishi na khofu kila kitambaa kinapobana, na kwa barua yako naona kuwa khofu hiyo ndiyo inayokuchosha kuliko masikio yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 ulimwenguni wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa kusikia. Hayo unayoyaeleza, ya kusikia sauti na kukosa maneno, ni ya kawaida kabisa kwa tatizo la sikio la ndani. Irabu zina nguvu, zinafika. Sauti nyembamba kama s na t ndizo zinazopotea mwanzo, na "sitini" na "tisini" hazitofautiani kwa kitu kingine chochote. Vifaa vya usikivu huikuza sauti, lakini haviwezi kuyasafisha maneno yote, khasa kwenye simu na mahali penye kelele. Nalitaja hili kwa sababu nahisi unajilaumu kimyakimya kuwa hujitahidi vya kutosha. Mwanangu, wewe unafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: kazi ya hesabu, na kazi ya kukisia, kusoma midomo, kuwahi kiti na kulinda mtandio. Ukifika nyumbani umechoka kichwa, sababu yake ni hiyo.

Sasa nije kwa mkuu wako. Katika maneno yake mna mambo mawili ambayo wewe umeyasikia kama jambo moja. La lori ni wasiwasi, na wasiwasi wa kweli, maana ghala ni pahala pa hatari hata kwa anayesikia. Lakini wasiwasi ni suali, na suali hilo lina majibu: mstari wa rangi sakafuni ambao magari hayauvuki, taa inayowaka na kuzima lori linaporudi nyuma, meza ya kumbukumbu iliyowekwa upande wa pili wa ukuta, kizibao cha rangi kali. Hakuna aliyeuliza majibu hayo, wala kijana mwenyewe, ambaye bila ya shaka ameshavuka barabara ya Darajani mara nyingi bila ya kusikia honi, na anajua kuyatumia macho yake kuliko sisi. La sadaka ni jambo jengine. Hapo mkuu wako amechukulia kuwa kumpa kazi mtu mwenye ulemavu ni kutoa bila ya kupokea. Naye yule aliyesema "maskini" alisema kwa huruma, lakini huruma hiyo ingemweka kijana mwenye elimu yake ndani ya nyumba mpaka azeeke. Sisi tuliosoma chuo cha Qur-ani tunamjua Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, aliyekuwa akiadhini pamoja na Bilal na aliyeachiwa mji wa Madina na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini. Yule alipewa dhamana ya watu, na watu waliitegemea.

Nakuomba ulitazame tena jambo ulilolitaja mwishoni mwa kisa chako. Mchukuzi alivunjika mguu, na mkuu wako akamtafutia kazi inayowezekana kwa hali aliyokuwa nayo. Hicho alichokifanya ndicho ambacho mikataba na sheria huita marekebisho yanayofaa: kazi hupangwa upya kidogo ili mtu aiweze, bila ya kumbebesha mwajiri mzigo usiobebeka. Alifanya bila ya kusoma sheria yoyote. Kwa hivyo mtu aliyesema maneno yale wakati wa chai na mtu aliyeweka kiti mlangoni ni mmoja, na sijui, wala wewe hujui bado, ni yupi kati yao utakayemkuta ukiingia ofisini kwake. Sitaki pia kukutia matumaini yasiyo na msingi. Mguu ulipona. Yeye alimwona mtu wake akiwa ameumia, na alijua kuwa ni jambo la muda. Hali yako ni ya kudumu na huenda ikazidi, na wako watu wema ambao subira yao huishia pale wanapojua kuwa jambo halina mwisho.

Kuna jambo la pili ambalo barua yako imelipita haraka, nami nimeona nilirudie. Ule utaratibu wa maandishi uliuanzisha kwa haja yako, na ukaisaidia ofisi nzima, hata wale wenye masikio mazima waliokuwa wakigombana na wateja kwa sababu ya idadi. Umesema mkuu wako hajui kwa nini uliuanzisha. Akijua, hautakuwa mbaya. Naona kama umezoea kufikiri kuwa unafanya kazi vizuri licha ya masikio yako, na hujajiuliza kama baadhi ya ubora wako umetokana na namna ulivyolazimika kupanga kazi.

Tukiitazama njia ya mume wako, ya kunyamaza na kupokea cheo, haina ubaya wa wazi, na anayoyasema yanatokana na bati na misumari ambayo bado haijanunuliwa. Wapo watu wengi wanaofanya hivyo na wakaendelea kwa miaka. Ila kuna mambo mawili yanayoifanya njia hiyo kuwa nyembamba kuliko alivyoiona. La kwanza ni fomu. Ulipojibu "hapana" mwanzo ulisema kweli, na hakuna wa kukulaumu. Safari hii utaandika jambo unalojua kuwa si hivyo, na karatasi hiyo itabaki kwenye faili yako. La pili ni kazi yenyewe. Kwenye hesabu umejenga ngome yako: kiti chako, maandishi yako, wateja unaowajua. Kwenye kaunta ya kioo hutachagua nani anakuja wala anatazama wapi. Ikitokea tisini ikaandikwa sitini na mzigo wa mtu ukabaki bandarini Malindi, ndipo utakapoeleza habari ya masikio, na maelezo yanayokuja baada ya hasara husikika kama udhuru hata yakiwa ya kweli.

Kukataa cheo kwa kisingizio cha watoto kunakuweka salama kwa leo. Lakini fikiria mkuu wako atabaki na picha gani: kwamba wewe ni mama ambaye hataki majukumu, na nafasi nyengine ikija hatakuita. Utakuwa umeficha jambo moja kwa kulifunika kwa jengine ambalo si kweli na ambalo wanawake wenzako watakaokuja baada yako wanaweza kuhukumiwa kwalo. Ikiwa kweli kazi ya simu kutwa huitaki, na mtu anaweza asiitake hata kwa mshahara mkubwa, basi sema huitaki kazi ya simu na kwamba ungependa kukua upande wa hesabu. Sentensi hiyo haikulazimishi kumweleza daktari amesema nini.

Ama kusema, watu wengi hulifikiria kama mlango ambao ukifunguka haufungiki tena. Mimi naliona kama ngazi, na unaweza kusimama kwenye daraja unayoiweza. Unaweza kumweleza mkuu wako peke yake na kumwomba asilitangaze, ukijua kwamba mji wetu ni mdogo na kwamba ahadi ya siri ofisini huishi kwa bahati. Unaweza kuanza na mwenzako mmoja unayemwamini, pengine yule yule aliyekwambia una maringo, kwa sababu alikuja kwako usoni na hakusema nyuma yako. Wenzako wamekwisha kuiona hali yako, mwanangu. Wameipa tu jina lisilo lake. Mtu akijua kuwa akitaka kukusalimia asimame mbele yako, na kuwa kupiga kelele hakusaidii bali kukutazama ndiko kunakosaidia, huenda yale ya maringo yakaisha kwa wiki moja. Huenda pia ukapata jina jengine, la "maskini", na hilo najua linauma zaidi.

Ukiamua kusema, nakushauri usiingie na ugonjwa, ingia na kazi. Mtu akiambiwa "sisikii vizuri" na hapo pakaishia, akili yake hukimbilia lori linalorudi nyuma. Akiambiwa kuwa kaunta inahitaji kipaza sauti kidogo kwenye kioo, au kioo kifunguliwe; kuwa simu za mwanzo apokee msaidizi na wewe ushike maandishi, malalamiko na ufuatiliaji; kuwa kwenye vikao uletewe ajenda kabla na panka la upande wako lizimwe, basi anabaki na orodha ya mambo anayoweza kuyahesabu gharama yake, na mengi hayana gharama. Yeye ni mfanyabiashara, lugha hiyo anaijua. Beba majibu ya kipimo chako yaliyoandikwa na daktari, lakini yaache mkobani mpaka yatakapohitajika. Uwe tayari pia kwa jibu ambalo si ndiyo wala hapana: anaweza kusema afikirie, cheo kikachelewa, au akampa mwengine na kukuacha ulipo. Kabla ya kwenda, kaa na mume wako mkubaliane kuhusu hilo, ili likitokea lisiwe ugomvi wa nyumbani pia.

Sheria iko upande wako kwa kiasi, na ni vizuri uijue bila ya kuitanguliza. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kifungu chake cha 27 kinahusu kazi na ajira, na ambao unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Hapa Zanzibar tulikuwa na sheria yetu ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, ikafuatiwa na nyengine ya mwaka 2022, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2005 nayo inazungumzia ubaguzi kazini. Huenda ukasikia watu wakitaja asilimia 3 ya wafanyakazi kwa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi. Hiyo ni ya sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2010, na kazi si jambo la Muungano, kwa hivyo usiende nayo kwa mkuu wako kama hoja. Ukitaka kujua ulivyolindwa, waulize Kamisheni ya Kazi, au Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kabla ya jambo lolote kuharibika. Kuuliza hakumaanishi kushitaki, na unaweza kuuliza bila ya kutaja jina la kampuni. Nakuambia kweli pia kwamba haki iliyoandikwa na haki iliyomfikia mtu mkononi zina masafa baina yake, na anayedai huku bado anakwenda kazini kila asubuhi huyajua masafa hayo.

Kuhusu yule kijana, naona moyo wako mzuri, na naona pia umejitwika mzigo ambao hakuna aliyekupa. Kuwa na masikio yanayopungua hakukufanyi msemaji wa kila asiyesikia wa Unguja na Pemba. Yeye ana lugha yake ya alama, ana dada yake, na viziwi wana chama chao, CHAVIZA, kama ambavyo jumuiya za watu wenye ulemavu zina shirikisho lao, SHIJUWAZA. Ikiwa siku moja utataka kumfanyia jambo, liko ambalo halihitaji ufichue chochote chako. Mkuu wako alimwambia ataitwa. Mfanyakazi yeyote wa ofisi ile anaweza kuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama ameitwa, na kama pana haja ya kumbukumbu za ghala kwa nini asijaribiwe mwezi mmoja na meza ikawekwa mbali na njia ya malori. Unaweza kuona kuwa hata hilo ni zito kwa sasa. Sitakuona mwoga. Ila nitakuambia jambo nililolifikiria: ni wewe tu katika ofisi ile unayejua, kwa mwili wako, kuwa kazi nzuri inaweza kufanywa na mtu asiyesikia vizuri. Mkuu wako hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo, au ndivyo anavyodhani.

Sikuambii useme, wala sikuambii unyamaze. Mimi siezeki nyumba yenu, wala si mimi nitakayekaa kwenye kaunta ile. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi utakaouchukua usitokane na maneno ya wakati wa chai peke yake. Yapime pamoja na kile kiti cha mlangoni, na ile oda ya maandishi, na miaka uliyofanya kazi mpaka ukaitwa.

Umwambie mume wako nimemsalimia, na mama pia. Huenda naye angependa kusikia kutoka kwako jinsi unavyovumilia, kwa kuwa hakuna mwengine katika familia anayeijua hali hiyo kama yeye. Na ukiamua kuzungumza na mkuu wako, usizungumze naye mlangoni wala kwenye kelele za ghala. Omba muda asubuhi, kabla mizigo ya boti haijaanza kuingia, kaeni ofisini mkitazamana, na umwombe azime panka. Akikuuliza kwa nini, utakuwa umeshapata pa kuanzia.